Kitenzi "boycott": ni kususia, kugomea au kutenga? Na je, ni kweli lilikuwa jina la mtu?

#1 Karani wa Korosho (Masasi)

Wanajukwaa, salaam. Nimepewa kazi ya kutafsiri waraka wa chama cha msingi cha ushirika kutoka Kiingereza, na nimekwama kwenye kitenzi kimoja tu, "boycott". Waraka unakitumia mara tatu, na kila mara naona kinadai neno jingine. Mahali pa kwanza wanachama wanakatazwa kuufanyia hivyo mkutano mkuu; hapo nimeandika "kususia mkutano" bila kusita. Mahali pa pili wakulima wanahimizwa wamfanyie hivyo mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, anayepita vijijini na bakuli lake. Nikiandika "wamsusie" naona kama wamenuna tu, kesho watamchekea. Mahali pa tatu panaeleza yaliyotokea mnadani kwa sababu ya bei, na huku kwetu tangu ile minada ya Oktoba 2018 hakuna anayesema vingine isipokuwa "wakulima waligomea bei".

Je, nitumie maneno matatu kwa kitenzi kimoja, au nichague moja nilishikilie hadi ukurasa wa mwisho? Tena mwanangu aliye kidato cha tatu ananiambia mwalimu wao amewaeleza kwamba neno hili lilikuwa jina la mtu. Nilicheka, lakini sina hakika kama nilistahili kucheka.

#2 Kijana wa Ubungo

Mkuu, mwanao amepotoshwa. Neno hili ni maneno mawili yaliyounganishwa. Zamani za mkoloni mtumishi wa nyumbani aliitwa "boi" hata akiwa na mvi kichwa kizima, na "cot" ni kile kitanda chepesi cha kambini. Maboi walipochoshwa na matusi ya bwana waliacha kukitandika kitanda, wakaondoka wote siku moja. Habari hii niliipata kwa marehemu babu yangu, aliyekuwa mpishi wa Mzungu kule Lushoto, na babu hakuwa mtu wa kutunga.

#3 Mwalimu Mstaafu

Namheshimu marehemu babu, lakini kitanda hicho kina herufi "t" moja na kitenzi tunachokijadili kina mbili, jambo ambalo ni la kawaida katika majina ya ukoo ya Kiingereza. Mtoto wa ndugu Karani ameambiwa kweli. Charles Boycott alikuwa kapteni wa jeshi na mwenye mashamba nchini Ireland. Mwaka 1880 wapangaji wake walimwomba awapunguzie kodi ya ardhi baada ya mavuno mabaya, akakataa na kuanza kuwafukuza. Kiongozi wao wa kisiasa, Charles Stewart Parnell, akawashauri wasimguse hata kwa kofi bali wamtenge kabisa: asisalimiwe njiani, asiuziwe kitu dukani, asizungumzishwe hata kanisani. Kabla mwaka haujaisha jina lake lilikuwa kitenzi katika magazeti ya London, na baadaye likaingia katika Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na hata Kijapani.

Kwa hiyo, kwa asili yake, tafsiri iliyo karibu zaidi ni "kutenga". Kususia na kugomea ni matumizi yaliyokuja baadaye.

#4 Msafiri wa Galway

Mwalimu, shikamoo. Ninaishi jirani na mkoa huo wenyewe, Mayo, na nimewahi kufika Lough Mask, nyumba aliyokuwa akikaa karibu na mji mdogo wa Ballinrobe, kwa hiyo nitaomba kusahihisha mambo manne.

La kwanza, ardhi iliyozua ugomvi haikuwa yake. Mwenye ardhi alikuwa Lord Erne, aliyekuwa akiishi mbali, na Boycott alikuwa wakala wake wa kukusanya kodi, ingawa naye alikodi shamba lake mwenyewe hapo hapo. Wapangaji walidai punguzo la asilimia 25, mwenye ardhi akakubali asilimia 10 tu, na aliyepeleka jibu hilo mlangoni kwa watu ndiye aliyebeba lawama. Kila mkusanya ushuru ataelewa.

La pili, hakuwa Mwairelandi. Alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1832. La tatu, ukapteni wake ulikuwa wa mitaani. Jeshini alikaa miaka michache na hakukifikia cheo hicho. Watu wa huku ndio waliompa.

La nne ndilo kubwa. Hotuba ya Parnell unayoitaja ilitolewa mjini Ennis tarehe 19 Septemba 1880, na haikumtaja Boycott hata mara moja. Parnell aliuliza umati: mtu akichukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa, mumfanyeje? Wapo waliojibu kwamba apigwe risasi. Akawaambia iko njia ya Kikristo zaidi na yenye huruma zaidi, ndipo akasema atengwe kama mwenye ukoma wa zamani. Alikuwa akimsema mkulima msaliti, na wakala wa kodi hakuwamo. Siku chache baadaye watu walitumwa Lough Mask kupeleka hati za kufukuza wapangaji, wanawake wakawarudisha kwa mawe, matope na samadi, na dawa iliyokusudiwa msaliti ikajaribiwa kwa Boycott.

#5 Kijana wa Ubungo

Samadi! Huko kulikuwa na akina mama wa shoka.

Ndugu wa Galway, nijibu swali moja tu bila kuzunguka. Watumishi wa nyumbani kwake waliondoka au hawakuondoka?

#6 Msafiri wa Galway

Waliondoka wote. Wachungaji, vibarua wa shambani na wafanyakazi wa ndani waliacha kazi ndani ya siku chache. Mwenyewe alieleza katika barua iliyochapishwa na gazeti la The Times la London mwezi Oktoba mwaka ule: mhunzi ametishwa asimpigie farasi kwato, dobi ameambiwa aache kufua nguo zake, wenye maduka wameonywa, na hata kijana aliyekuwa akimletea barua za posta amezuiwa.

#7 Kijana wa Ubungo

Basi maboi waliondoka, na boi wa posta akiwamo. Babu alikosea kitanda tu. Naomba kumbukumbu za uzi huu zirekebishwe.

#8 Binti Mkunazini (Unguja)

Nacheka, lakini nataka kurudi kwenye swali la mwenye uzi, kwa kuwa naona Mwalimu amelikimbilia "kutenga" bila kulitazama "kususa" vizuri.

Kwetu sisi kususa ni neno la nyumbani kabla ya kuwa neno la siasa. Mtoto amegombezwa, anawekewa chakula, anageuza uso: amesusa. Mke amechokozwa, anafunga bahasha zake na kurudi kwao: amesusa. Ndani ya neno mna moyo uliovunjika na mna mtu anayesubiri kubembelezwa. Ukilinyambua linabadilika tena. "Nimekususia nyumba yako" maana yake nimekuachia wewe yote, kaa nayo, mimi sitaki tena. Huyo amejitoa na hadai punguzo wala bei, na pengine hatarudi. Kitenzi cha Kiingereza, kwa nilivyokisoma humu, kinataka jambo fulani litendeke: kodi ipungue, sheria ifutwe.

Halafu mnajua wenyewe tunavyomkejeli msusaji: "Ukisusa, wenzio wala." Msemo huo peke yake unaonyesha kwamba kususa ni kwa mtu mmoja, na kwamba mtu mmoja akisusa hamkomoi yeyote ila tumbo lake. Kule Lough Mask hakukuwa na wenzio waliokula.

Hata hivyo nakubali kwamba matumizi yamehama. Uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa tarehe 20 Machi 2016, ambao chama cha upinzani cha CUF hakikushiriki, tuliuita na tunaendelea kuuita uchaguzi uliosusiwa. Sikumbuki aliyeuita uliotengwa.

#9 Mwana wa Nyanza (Kisumu)

Hamjambo. Hapa Kenya hali ni hiyo hiyo. Muungano wa upinzani wa NASA ulipojiondoa katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, taarifa za habari zilisema "kususia uchaguzi". Wiki chache baadaye viongozi wake walipowataka wafuasi waache kununua bidhaa za kampuni kadhaa, ikawa "kususia bidhaa". Kugomea tunakuacha kwa walimu, madaktari na wahadhiri, yaani mtu anayeiacha kazi yake mwenyewe, lakini nasikia ndugu zetu wa Tanzania hugomea chochote, mpaka chakula cha bweni.

Na katika mazungumzo, tusidanganyane, vijana wamekwishasema "kuboikoti" na maisha yanaendelea. Kama tulikubali kuripoti na kupaki, sioni dhambi yake.

#10 Mwalimu Mstaafu

Ndugu wa Galway, ahsante. Masahihisho yote manne nimeyapokea, na la hotuba ya Ennis nilikuwa nikilifundisha vibaya kwa miaka mingi. Waliokuwa wanafunzi wangu wanisamehe.

Nikija kwenye hoja ya Binti Mkunazini, naona imebeba ukweli, lakini inaliadhibu neno kwa ajili ya utoto wake. Maneno hukua. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kiambishi. Kususa hakuhitaji mtendwa: mtu anaweza kususa tu, akanyamaza kwenye kona. Kususia kunamhitaji, na hapo ndipo neno linapotoka chumbani na kuingia barazani. Vivyo hivyo kugoma na kugomea. Kitenzi cha Kiingereza hakina hatua hiyo ya kwanza. Huwezi kukisema ukaishia hapo bila kutaja unayemfanyia, kwa sababu tangu siku ya kwanza kilizaliwa na mtu wa kufanyiwa.

Kuhusu "kuboikoti": kimaumbile hakuna kinachokizuia. Kingenyambulika kama kuripoti, tungepata kuboikotiwa na kuboikotiana. Ila neno la mkopo huja kuziba pengo, na hapa tuna maneno matatu yanayogombea pengo moja.

#11 Salongo wa Kampala

Nipeni nafasi kidogo, kwa maana kwetu jambo hili lina tarehe. Mwaka 1959, chini ya Uganda National Movement ya Augustine Kamya, watu wa Buganda waliacha kununua katika maduka ya Waasia. Baba yangu alikuwa na baiskeli aliyokuwa akilipia kidogo kidogo kwa mwenye duka mmoja. Alipokuwa akisimulia kwa Kiswahili chake cha kijeshi alisema "tulikataa duka". Sikuwahi kumsikia akisema kususia wala kugomea. Kukataa tu. Nadhani ni neno la nne, na ni jepesi kuliko yote matatu.

Nikiri pia kwamba waliokutwa wakinunua kwa siri walipata taabu, wengine waliharibiwa mali. Kwa hiyo Msafiri wa Galway anaposimulia njia ya Kikristo yenye huruma, namwuliza: huyo mhunzi na huyo dobi waliacha kazi kwa hiari?

#12 Msafiri wa Galway

Si wote, Salongo, na swali lako ni la haki. Barua yenyewe ya Boycott inasema mhunzi alitishwa. Ndiyo maana Waingereza wengi wa wakati ule walipolitamka neno hili walimaanisha vitisho vya chinichini, ilhali Wairelandi walimaanisha umoja wa wanyonge. Kitenzi kilizaliwa kikiwa na maana mbili, kutegemea umekaa upande gani wa uzio.

Niongeze habari ya mavuno, kwa sababu ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali. Mazao yalikuwa yakiozea ardhini, hakuna kibarua wa kuyang'oa. Wakaletwa wafanyakazi wapatao 50 kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari na polisi wapatao 1,000. Walivuna mazao yanayokadiriwa kuwa ya thamani ya pauni 500 hivi, na gharama ya ulinzi ikakaribia pauni 10,000. Tarehe 27 Novemba 1880 Boycott na familia yake waliondoka ndani ya gari la wagonjwa la jeshi, kwa kuwa hakupatikana mwenye gari aliyekubali kuwapakia.

#13 Karani wa Korosho (Masasi)

Pauni 10,000 kwa kuvuna za 500. Huku nimeona vikao vya bodi vilivyogharimu hivyo, lakini tuendelee.

Nina swali la asili ambalo hakuna aliyeligusa. Jina kuwa kitenzi nimeelewa. Je, ni nani aliyekuwa wa kwanza kulitamka hivyo? Jina la mtu haligeuki kitenzi lenyewe.

#14 Msafiri wa Galway

Hapo ndipo watu hugombana mpaka leo. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanatoka kwa James Redpath, mwandishi wa habari Mmarekani aliyekuwa Mayo wakati huo. Anasema alikuwa mezani na padri wa parokia, John O'Malley, naye padri akamwona hali chakula. Redpath akamweleza kwamba anatafuta neno la kulitaja jambo hili, kwa kuwa lile la kisomi lililokuwapo, "ostracise", halifai. Padri akakubali kwamba wakulima wake hawatalielewa, akafikiri kidogo, kisha akauliza: tukisema "kum-Boycott", itakuwaje?

Neno hilo la kisomi, kwa asiyelijua, linatoka kwa Wagiriki wa kale. Watu wa Athens waliandika jina la mtu kwenye kigae cha chungu, na aliyepata vigae vya kutosha alihamishwa mji kwa miaka 10.

Wapo wasioamini kisa cha mezani. Wanasema Redpath alijipa heshima ya kuwapo, na kwamba neno lilikuwa midomoni mwa wanakijiji kabla ya wasomi kulisikia. Kuna pia wanaompa Parnell heshima yote, ingawa pale Ennis hakulitumia. Gazeti la The Times lilikuwa likilitumia tayari mwezi Novemba 1880, kwa hiyo lilienea haraka, haidhuru lilitoka kinywani mwa nani.

#15 Binti Mkunazini (Unguja)

Mimi nawaamini wanakijiji. Padri alikuwa akila chakula cha jioni. Wao ndio waliokuwa na hasira.

Halafu tazameni: padri alikuwa na tatizo lile lile la Karani. Alikuwa na neno sahihi lisiloeleweka na watu ambao lazima waelewe. Hakwenda kwenye kamusi, alichukua jina ambalo kila mtu pale alikuwa akilitukana tayari.

#16 Kijana wa Ubungo

Kwa mantiki hiyo Karani amtafute mnunuzi wa kangomba anayechukiwa kuliko wote Masasi, jina lake liwe kitenzi. Tafsiri imekwisha.

#17 Karani wa Korosho (Masasi)

Jina ninalo. Ila ni shemeji yangu.

#18 Refa wa Zamani (Arusha)

Mmesahau michezo, na humo ndimo wengi wetu tulikolisikia neno hili kwa mara ya kwanza redioni. Mwaka 1976 Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika hazikushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 na kumwacha John Walker nyuma yake, hakukimbia, na Walker akachukua dhahabu. Mwaka 1980 mambo yakageuka. Kenya haikwenda Moscow pamoja na Marekani, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuivamia Afghanistan, lakini Tanzania ilikwenda, Bayi akaleta fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000.

Hoja yangu ni kwamba katika habari hizi "kugomea michezo" na "kususia michezo" zilitumika sawia na hakuna aliyepotea. Labda mnatafuta tofauti isiyokuwapo.

#19 Mwana wa Nyanza (Kisumu)

Refa, hiyo ya 1980 bado inatuuma. Kuna wakimbiaji wetu waliokosa Olimpiki mbili mfululizo. Lakini umenipa mfano unaoipinga hoja yako mwenyewe. Bayi hakususa. Nchi ndiyo iliyosusa, na yeye alibaki nyumbani akiwa na miguu yake. Sentensi "Bayi alisusia Montreal" ni ya uongo, ilhali "Tanzania ilisusia Montreal" ni ya kweli. Kitenzi hiki kina tatizo la mtenda: anayeamua na anayenyimwa si lazima wawe mtu mmoja.

#20 Mtulivu wa Bujumbura

Ndugu, nakubaliana na wa Kisumu, na ninaomba tusichanganye jambo hili na vikwazo. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani, Tanzania ikiwamo, ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, na viliondolewa mapema mwaka 1999. Wapo walioandika kwamba Burundi ilisusiwa. Hapana. Mfanyabiashara wa Kigoma hakutususia. Alitamani sana kutuuzia mafuta na sukari, ila serikali yake ilimfungia njia. Vikwazo hutoka juu na vina mlinzi mpakani. Kususia, au kugomea, au kukataa kama asemavyo Salongo, hutoka kwa yule ambaye angeweza kununua lakini hanunui. Mkisema serikali "imesusia" nchi fulani, mimi nasikia serikali imenuna.

#21 Mama Kirua (Moshi Vijijini)

Nimesoma mwanzo hadi hapa. Mwalimu alisema "kutenga", wote wakampita kama kituo kisicho na abiria. Mimi nitamtetea.

Kijijini kwetu kulikuwa na mzee mwenye mali ambaye hakuhudhuria msiba wa mtu yeyote, alituma mchango tu na kijana. Hakuna kikao kilichoitishwa wala tangazo lililobandikwa. Siku mama yake alipofariki, watu walipita barabarani wakiwa na majembe yao mabegani wakaenda shambani. Kaburi lilichimbwa na vibarua waliolipwa kutoka mjini. Jioni watu walikuja, wakatoa pole kwa adabu, hawakunywa hata chai, wakaondoka. Mwaka uliofuata yule mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kila msiba, na jembe akija nalo mwenyewe.

Hatukumsusia, kwa maana hatukuwa tumenuna, na hatukumgomea, kwa maana hatukuwa tumeajiriwa naye. Tulimtenga. Kama kuna neno linalofanana na hayo ya Ireland, ni hilo.

#22 Salongo wa Kampala

Mama, pole na hongera. Ila mkutano mkuu wa Karani hauwezi kutengwa. Mkutano hauna mama wa kuzikwa.

#23 Mtu wa Minneapolis

Niko mbali na nyumbani lakini uzi umenivuta. Huku Marekani mfano mkubwa ni mabasi ya Montgomery, Alabama, ambako watu weusi walitembea kwa miguu kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955 hadi Desemba 1956. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba Martin Luther King mwenyewe hakuridhika na neno hili. Aliandika baadaye kwamba linapotosha, kwa kuwa linafanya ionekane kana kwamba lengo ni kuikaba kampuni ya mabasi kiuchumi, ilhali walichokuwa wakifanya ni kuacha kushirikiana na mfumo mwovu.

Kwa hiyo hata wenye Kiingereza hawakubaliani kuhusu kiini chake. Wengine wanaona ni kumnyima mtu, wengine wanaona ni kujitoa. Kama ni kumnyima, "kugomea" kunatosha. Kama ni kujitoa mikono isichafuke, basi "kususia" kwa maana ile ya Binti Mkunazini, nimekuachia wewe yote, ndiko kunakofaa kuliko tulivyodhani.

#24 Binti Mkunazini (Unguja)

Umenigeuzia maneno yangu mwenyewe, na nimependa.

Lakini nikupe cha kufikiri. Mwaka 1937 serikali ya mkoloni ilitoa amri iliyowapa chama cha wakulima wa karafuu ukiritimba wa kununua zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi hapa Unguja wakaacha kununua, na India, iliyokuwa soko letu kubwa, ikaacha pia, mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Hapo hakuna aliyekuwa akitunza mikono yake isichafuke. Walitaka amri ilegezwe, na karafuu zikalala. Huko ni kunyima waziwazi. Ukiniuliza hao walisusa au waligoma, nitakwambia waligoma.

#25 Mwalimu Mstaafu

Nashukuru kwa Mama Kirua kunitetea, ingawa Salongo ameshanibomolea nusu ya utetezi.

Kwa kuwa Karani yuko Masasi, nimkumbushe jambo la nyumbani kwake. Tarehe 26 Juni 1959 ulifanyika mkutano London wa kuanzisha harakati za kuwataka Waingereza wasinunue matunda na bidhaa nyingine za Afrika Kusini ya makaburu. Harakati zenyewe ziliitwa kwa neno hili hili tunalolijadili, Boycott Movement, na mwaka uliofuata zikageuka kuwa Anti-Apartheid Movement. Miongoni mwa waliohutubia siku hiyo walikuwa Julius Nyerere na Padri Trevor Huddleston. Mwaka 1960 huyo padri alikuja kuwa Askofu wa Masasi, akakaa huko hadi 1968.

Sasa, mama wa nyumba wa London aliyeliacha chungwa la Cape kwenye meza ya muuza duka hakuwa amenuna, hakuwa ameajiriwa na yeyote, na hakuwa jirani wa kaburu hata amtenge. Naanza kuona kwamba "kukataa" kwa baba yake Salongo kunaweza kuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, na hilo halimaanishi kwamba nimekuacha "kutenga".

#26 Kijana wa Ubungo

Mwalimu anasusa pole pole.

#27 Karani wa Korosho (Masasi)

Ahsanteni nyote, bibi yangu alibatizwa na askofu huyo, na sikujua kwamba alipitia kwenye neno langu kabla ya kufika kwetu.

Nimeamua hivi kwa leo. Mkutano mkuu "usisusiwe". Bei "iligomewa". Mnunuzi wa kangomba nilikuwa nimeshamwandikia "agomewe", nikafuta nikaweka "atengwe", kisha nikakumbuka kwamba kwenye waraka wa chama kutenga mtu kunaweza kutufikisha mahakamani, nikaandika "wakulima wakatae kumwuzia". Waraka unakwenda kwa katibu Jumatatu.

#28 Binti Mkunazini (Unguja)

"Wakatae kumwuzia" si kitenzi, Karani, ni maelezo. Umelikwepa neno.

#29 Salongo wa Kampala

Hakulikwepa. Amelikataa.

#30 Karani wa Korosho (Masasi)

Katibu amesoma mapema. Amekata yote matatu kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "kuboikoti", tena kwa "k" kubwa. Mwana wa Nyanza, una ndugu huku?